Ujirani Mwema Usiwe Jina Jingine la Kimya

Kila tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Miti hupandwa, ngoma huchezwa, mawaziri huhutubia, na katika kila hotuba maneno mawili hayakosekani: undugu na ujirani mwema. Sina ugomvi na sherehe hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2012 chini ya Tume ya Bonde la Ziwa Victoria. Watu wanaokunywa maji ya mto mmoja wana haki ya kuufanyia sikukuu. Ugomvi wangu unahusu kazi inayofanywa na maneno hayo mawili katika siku nyingine zote za mwaka. Kwa muda mrefu sasa, serikali za Afrika Mashariki zimeyageuza kuwa sababu ya kutoulizana maswali. Jirani akifyeka msitu ulio chanzo cha mto wako, unanyamaza kwa ajili ya ujirani mwema. Nawe ukichora barabara itakayokata njia ya wanyama wanaovuka kwenda kwake, naye hunyamaza kwa ajili hiyo hiyo. Mwananchi akiuliza, huambiwa asichafue uhusiano wa nchi mbili rafiki.

Hoja yangu ni hii: katika sheria ya kimataifa, ujirani mwema ni wajibu wa kusema, na kusema mapema. Serikali inayojua kwamba jambo linalofanyika katika ardhi yake linaweza kumdhuru jirani, ikanyamaza, imekwisha kuuvunja ujirani huo, hata kama viongozi wake wanaendelea kukumbatiana mbele ya kamera.

Sheria hii si ngeni, wala haikuanza jana. Katika mji wa Trail nchini Kanada kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini ambacho moshi wake wa salfa ulivuka mpaka na kuharibu mazao na misitu katika jimbo la Washington, Marekani. Nchi hizo mbili zilikubali kulipeleka shauri mbele ya jopo la usuluhishi. Mwaka 1941 jopo hilo liliamua kwamba hakuna dola yenye haki ya kutumia ardhi yake, au kuruhusu itumike, kwa namna inayosababisha madhara makubwa katika ardhi ya dola nyingine. Jopo halikuishia kwenye fidia. Liliweka utaratibu wa kuupima na kuudhibiti moshi huo ili madhara yasiendelee. Tangu siku hizo za mwanzo, basi, sheria ilikuwa imekwisha kutambua kwamba kumlipa aliyeumia hakutoshi ikiwa kesho ataumizwa tena.

Miaka minane baadaye likaja shauri ambalo ningependa kila mtumishi wa wizara ya mambo ya nje alijue. Mwaka 1946 meli mbili za kivita za Uingereza ziligonga mabomu ya majini katika mlango-bahari wa Corfu, ndani ya maji ya Albania, na mabaharia 44 wakapoteza maisha. Haikuthibitika kwamba Albania ndiyo iliyoyatega mabomu hayo. Hata hivyo, mwaka 1949 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia hatiani. Kwa nini? Kwa sababu mabomu hayo yasingeweza kutegwa pale bila serikali ya Albania kujua, nayo haikumwonya mtu. Tuitafakari hukumu hiyo kwa makini. Albania ilibeba dhamana kwa sababu ilijua ikanyamaza.

Tangu hapo kanuni hii imerudiwa katika Azimio la Stockholm la mwaka 1972, katika Azimio la Rio la mwaka 1992, na katika rasimu ya kanuni za kuzuia madhara yanayovuka mpaka iliyokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Mwaka 2010, katika shauri la Argentina dhidi ya Uruguay kuhusu viwanda vya kutengeneza malighafi ya karatasi kando ya Mto Uruguay, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kwamba kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, pale ambapo mradi unaweza kuleta madhara makubwa ng'ambo ya mpaka, ni sharti la sheria ya kimataifa kwa ujumla. Maana yake ni kwamba sharti hilo linabana hata pale ambapo nchi husika hazikuliandika katika mkataba wao.

Wanafunzi wangu huwa na tabia ya kuuelewa vibaya wajibu huu kwa namna moja. Hudhani kwamba dola imeahidi madhara hayatatokea kamwe. Hapana. Wajibu wa kuzuia ni wajibu wa mwenendo, na kipimo chake huitwa uangalifu stahiki. Mfikirie mkulima anayechoma moto shamba lake mwishoni mwa kiangazi. Hakuna anayemkataza kusafisha shamba. Lakini kabla hajawasha kiberiti anatakiwa kuangalia upepo unaelekea wapi, kufyeka ukanda wa kuzuia moto usivuke, kumpa jirani taarifa, na kubaki pale moto unapowaka. Akifanya yote hayo, kisha upepo usiotarajiwa ukabeba cheche, wazee watakaa naye kwa huruma. Akiwasha na kwenda zake kunywa pombe, hana la kujitetea hata kama bahati imemwokoa na mahindi ya jirani hayakuungua. Dola nayo inatakiwa kufanya hivyo hivyo: ichunguze kabla, itoe taarifa kabla, ishauriane kabla, na isimamie muda wote. Kila moja ya hatua hizo ni wajibu unaojitegemea. Ndiyo maana Uruguay ilikutwa na kosa la kutoa vibali bila kuiarifu kwanza tume ya pamoja ya mto, ingawa mahakama haikuridhika kwamba kiwanda kilikuwa kimechafua maji.

Sasa turudi nyumbani. Mto Mara unaanzia katika misitu ya Mau, Kenya, ambako vijito vya Amala na Nyangores vinaungana na kuwa mto mmoja. Unapita Maasai Mara, unavuka mpaka na kuingia Serengeti, kisha unatawanyika katika ardhi oevu kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ni safari ya takriban kilomita 400. Wakati wa kiangazi, Mara ndio mto wa kudumu unaotegemewa na makundi ya nyumbu, zaidi ya milioni moja, wanaozunguka kati ya nchi hizi mbili. Ndio pia unaotegemewa na wakulima, wafugaji na wavuvi wa Bomet, Narok, Tarime, Serengeti, Butiama na Rorya. Watu hao hawana mto wa akiba.

Ukitazama mto huo kutoka Tanzania, hatari kubwa inatoka juu. Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa makumi ya maelfu ya hekta za Mau kutoka katika hadhi ya msitu wa hifadhi. Ripoti ya kikosi kazi kilichoundwa na serikali hiyo hiyo, iliyotolewa mwaka 2009, ilieleza kwamba karibu robo ya msitu wote ilikuwa imepotea katika miongo miwili hivi. Aidha, umewahi kupendekezwa mradi wa umeme ambao ungehamisha sehemu ya maji ya Amala na kuyapeleka bonde jingine kabisa. Ukiutazama mto kutoka Kenya, hatari inatoka chini. Tanzania ilipanga kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, kiasi cha kilomita 53 ndani ya hifadhi, katika njia ile ile ya nyumbu kuelekea Maasai Mara. Sitaji mambo haya ili kupima nani mkosaji zaidi. Nataka tuone kwamba kila upande una la kumuuliza mwenzake, na kwamba sheria imekwisha kuweka utaratibu wa kuulizana.

Utaratibu huo uko katika Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999. Ibara ya 111 inazitaka nchi wanachama zipeane taarifa mapema na kwa wakati kuhusu shughuli zinazoweza kuleta athari kubwa za kimazingira ng'ambo ya mpaka, na zishauriane katika hatua za mwanzo. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyosainiwa mwaka 2003, inakwenda mbali zaidi na kutambua kanuni ya tahadhari na kanuni ya mchafuzi kulipa. Lugha yake haina utata. Basi na tuulize. Kabla hekta zile za Mau hazijaondolewa katika hifadhi, ni barua gani iliyokwenda Dodoma au Dar es Salaam? Kabla ramani ya barabara ya Serengeti haijatangazwa, ni barua gani iliyokwenda Nairobi? Kama ziliandikwa, nani kati yetu amewahi kuzisoma? Na kama hazikuandikwa, waziri gani wa upande wa pili alisimama hadharani na kuuliza kwa nini?

Nchi mwanachama inaweza kumshtaki mwenzake mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kwa kuvunja Mkataba. Ibara ya 28 inasema hivyo. Kwa ajili ya Mto Mara, ibara hiyo haijawahi kutumiwa. Ilipofika zamu ya barabara ya Serengeti, aliyekwenda mahakamani mwaka 2010 hakuwa serikali ya Kenya. Lilikuwa shirika la kiraia la kutetea wanyama lenye makao Nairobi. Serikali ya Tanzania ilipinga kwanza mamlaka ya mahakama, ikashindwa. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama iliamua kwamba kuijenga barabara ile kwa lami ndani ya hifadhi kungevunja Mkataba, ikatoa zuio la kudumu dhidi ya mpango huo wa awali, huku ikiiachia Tanzania haki ya kubuni mipango mingine isiyoharibu ikolojia ya Serengeti. Hukumu hiyo ilitolewa kabla ya madhara. Huo ndio uzito wake. Hakuna nyumbu aliyelazimika kufa kwanza ili ushahidi upatikane. Mahakama ya kwetu, iliyoketi Arusha na majaji wa kwetu, ilitafsiri wajibu wa kuzuia kama unavyopaswa kutafsiriwa.

Na je, uhusiano wa Kenya na Tanzania ulivunjika? Mipaka ilifungwa? Mabalozi walirudishwa nyumbani? Hakuna hata kimoja. Wanaotuambia kwamba kudai haki kutaua undugu wanatakiwa watueleze undugu gani huo unaokufa kwa kusomewa ibara ambayo ndugu wote waliisaini.

Hata hivyo, mlango ule uliotumiwa mwaka 2010 ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani, na hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa Jumuiya kupeleka shauri mahakamani, lakini ndani ya miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au tangu alipokijua. Miezi miwili! Mtu anayedai deni la kawaida katika mahakama zetu za ndani hupewa miaka. Mwanakijiji wa Tarime anayepaswa kugundua kwamba uamuzi fulani wa Nairobi unatishia kisima chake, au mfugaji wa Narok anayepaswa kugundua kwamba kibali fulani kilichotolewa Dodoma kinatishia malisho yake, amepewa siku 60 hivi za kujua, kutafuta wakili, kukusanya ushahidi wa kitaalamu na kufika Arusha.

Ukomo huo haukuwamo katika Mkataba tangu mwanzo. Novemba 2006 mahakama ilitoa amri ya kuzuia wabunge walioteuliwa na Kenya wasiapishwe katika Bunge la Afrika Mashariki, hadi malalamiko kuhusu namna walivyopatikana yasikilizwe. Watawala hawakupendezwa. Desemba ya mwaka huo huo, wakuu wa nchi walisaini marekebisho ya Mkataba, na miongoni mwake ukaingizwa ukomo wa miezi miwili. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilipoyapinga, mahakama ilisema mwaka 2008 kwamba marekebisho yale yalifanyika bila ushirikishwaji wa wananchi unaotakiwa na Mkataba, lakini ikayaacha yasimame. Kwa hiyo tuwe wakweli kuhusu asili ya ukuta huu. Ulijengwa na wenye hasira, kwa haraka, baada ya mahakama kuthubutu kuwaambia hapana.

Matunda yake tumeyaona. Mwaka 2012, katika shauri la shirika moja la Kenya kuhusu mateso yaliyodaiwa kufanyika Mlima Elgon, Divisheni ya Rufani ilikataa hoja kwamba uvunjaji unaoendelea unaweza kuepuka ukomo huo. Novemba 2020 mashirika ya kiraia ya Afrika Mashariki yalifungua shauri kuhusu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambalo sehemu yake inapita katika bonde la Ziwa Victoria. Novemba 2023 Divisheni ya Awali ililitupa kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda. Mtu anaweza kuliunga mkono bomba hilo au kulipinga. Mimi leo sihukumu hilo. Ninachosema ni kwamba maswali mazito kuhusu maji ya mamilioni ya watu yalifika mbele ya mahakama yetu ya kikanda, yakazimwa na kalenda kabla hayajajibiwa.

Jambo hili linagongana na sheria ya kimataifa uso kwa uso. Ibara ya 14 ya kanuni za wajibu wa dola, zilizokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa mwaka 2001, inaeleza kwamba dola inapovunja wajibu wa kuzuia tukio fulani, uvunjaji huo huendelea kwa kipindi chote ambacho tukio linaendelea. Akili ya kawaida inasema vivyo hivyo. Mto haufi kwa siku moja. Unapungua kidogo mwaka huu, unazidi kuwa na tope mwaka ujao, samaki wanaadimika mwaka wa tatu, na mwaka wa kumi mama mmoja anachimba mchangani kutafuta ndoo ya maji pale alipokuwa akiogelea utotoni. Tumwambie miezi yake miwili ilianza lini? Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumuiya yetu imeuacha ufa, kisha ukuta ikaujenga mbele ya mlango wa mahakama.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni mamlaka ya nchi: Mau ni ya Kenya, Serengeti ni ya Tanzania, na mwenye nyumba hapangiwi. Lakini mamlaka ya nchi ni ya wote. Ikiwa Kenya ina mamlaka juu ya chanzo cha mto, Tanzania nayo ina mamlaka juu ya ardhi ambayo mto huo unafikia, na mamlaka hayo yanamomonyolewa maji yanapofika machafu au yasipofika kabisa. Wajibu wa kuzuia madhara unalinda mamlaka ya kila upande dhidi ya uzembe wa mwenzake. Serikali inayodai haki ya kufanya ipendavyo kwake bila kujali jirani inadai pia, bila kujua, kwamba jirani yake afanye apendavyo dhidi yake.

La pili ni umaskini: sisi ni nchi zinazoendelea, na sheria hizi zilitungwa na waliokwisha kuchafua na kutajirika. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na sheria imeusikia. Uangalifu stahiki hupimwa kwa uwezo wa dola. Kinachotarajiwa kwa Kanada si kile kile kinachotarajiwa kwa Burundi. Lakini kumwandikia jirani barua hakuhitaji utajiri. Kuweka tathmini mezani kabla ya kutoa kibali hakuhitaji teknolojia ya anga. Kiwanda cha Uruguay hakikubomolewa. Kilichotakiwa ni kusema kabla ya kujenga. Na katika bonde la Mara, anayelipa gharama ya ukimya ni yule asiye na bomba la maji nyumbani. Kumtaja maskini ili kukwepa wajibu wa kumlinda ni kumdhulumu mara mbili.

Hapa niongeze tahadhari, maana kuna namna nyingine ya kuitumia vibaya sheria hii. Wajibu wa kulinda Mau hauipi serikali leseni ya kuwafurusha wenyeji wa Mau. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwaondoa katika msitu wa mababu zao, na kwamba kulinda mazingira hakukutosha kuwa kisingizio. Uangalifu unaodaiwa kwa jirani wa ng'ambo unadaiwa pia kwa raia wa ndani.

La tatu ndilo ninalolisikia zaidi darasani: sheria ya kimataifa haina meno. Wanaosema hivyo waitazame Kampala. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia kwa mambo yaliyofanyika katika ardhi ya Kongo, likiwamo la kushindwa kuzuia uporaji wa maliasili Ituri, ambako jeshi lake lilikuwa limekalia eneo hilo. Februari 2022 iliamriwa kulipa dola za Marekani milioni 325, kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Hizo ni fedha za walipa kodi wa Uganda. Zingeweza kujenga shule na zahanati kama watawala wa wakati ule wangeona wajibu wa dola kuwa jambo zito kabla ya jeshi kuvuka mpaka. Waitazame pia Nicaragua, iliyoamriwa mwaka 2018 kuilipa Costa Rica fidia kwa uharibifu wa mazingira yenyewe. Na katika mgogoro huo huo, mwaka 2015, Costa Rica nayo ilikutwa na kosa la kujenga barabara kando ya Mto San Juan bila kufanya kwanza tathmini ya athari. Meno yapo. Yanachelewa, yanagharimu, na mara nyingi yanang'ata baada ya madhara. Hiyo ni sababu ya kuyanoa, si ya kuyang'oa.

Kwa wanafunzi wanaonisoma, nina mfano wa karibu zaidi na umri wenu. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria katika Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini waliamua kwamba suala la mabadiliko ya tabianchi lipelekwe mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Wengi waliwaona watoto wenye ndoto. Serikali ya Vanuatu ikaichukua hoja yao. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaikubali. Na tarehe 23 Julai 2025 majaji wote kwa kauli moja wakatoa maoni yao ya kisheria. Walisema kwamba wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa mazingira ni sehemu ya sheria ya desturi ya kimataifa, kwamba unahusu pia mfumo wa hali ya hewa, na kwamba kiwango cha uangalifu unaotakiwa ni kikali. Safari hiyo ilianza kwa zoezi la darasani katika visiwa ambavyo wengi wetu hatuwezi kuvionyesha kwenye ramani.

Basi nini kifanyike kwetu? Nitaje mambo matatu, na nitamtaja wa kuyafanya.

Kwanza, wakuu wa nchi waliouweka ukomo wa miezi miwili wauondoe katika mashauri yanayohusu madhara ya mazingira yanayovuka mpaka, au angalau waipe mahakama mamlaka ya kuongeza muda pale haki inapodai. Chama cha wanasheria, mashirika ya kiraia na wabunge wa Afrika Mashariki waifanye hoja hii kuwa ya kudumu, wasiiinue tu pale shauri jingine linapotupwa.

Pili, Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, iwe na daftari la wazi la taarifa ambazo nchi hupeana chini ya Mkataba na Itifaki. Mradi gani, chanzo gani, nani aliarifiwa, tarehe ipi, alijibu nini. Liwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kulisoma, na kwa Kiswahili. Nchi isiyotoa taarifa ionekane kwa pengo lake. Machi 2022, samaki walipokufa na maji ya Mara kugeuka meusi upande wa Tanzania, kamati ya serikali ilitaja mrundikano wa kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza, na wengi hawakuridhika. Sirudii ubishi huo. Nauliza tu: kama samaki hao wangekutwa mita mia moja kutoka mpakani, nani angekuwa na haki ya kumuuliza nani, na kujibiwa ndani ya siku ngapi?

Tatu, namgeukia mtumishi wa umma, kwa sababu ndiye ninayemfundisha na ndiye atakayelishika faili. Dola haina macho. Inaona kwa macho yako. Mahakama itakapouliza kama serikali ilijua, itakuwa inauliza kama wewe ulijua. Kibali cha mradi ulio karibu na mto wa pamoja kitakapofika mezani pako, andika dokezo: je, jirani ameshaarifiwa? Liandike hata kama mkuu wako hataki kulisoma. Litabaki kwenye faili, na siku moja linaweza kuwa ushahidi pekee kwamba katika ofisi hiyo alikuwapo mtu aliyeujua wajibu wa nchi yake.

Misitu ya Mau inaendelea kupungua na kurejeshwa kwa vipande, barabara zinaendelea kuchorwa, na kila msimu wa kiangazi mto unatupa kipimo chetu. Hatuhitaji mkataba mpya ili kuanza kuulizana. Tunahitaji serikali moja iliyo tayari kumwandikia ndugu yake barua ya kisheria, kwa adabu na kwa uthabiti, na nyingine iliyo tayari kuijibu.